Sheria Haikutaja Kalamu

Ilula, Iringa
9 Machi 2025

Baba Samwel, shikamoo.

Salamu zangu ni nyingi, lakini lori la nyanya linaondoka saa nane, kwa hiyo nitazipunguza zienee kwenye tenga. Hapa Ilula sote wazima. Samwel anafundisha na kulalamikia mshahara, maana yake hana ugonjwa wowote. Mjukuu wako Tusajigwe amejua kusema "sitaki", na kwa kuwa tulimpa jina la mama yako mzazi, kila akikataa uji Samwel anasema huyo si mtoto anayekataa, ni bibi yake.

Baba, kuna neno, ndiyo maana sikusubiri sikukuu ndipo niandike.

Mwaka wa sita huu tangu niolewe kwenu na sijawahi kuuona uso wako. Mimi Msukuma wa Usangu, niliyekulia nyuma ya ng'ombe, nilidhani Samwel ananitania aliponiambia kwamba kwenu mke wa mtoto haonani na baba mkwe, wala jina lake halitaji. Siku ya harusi nilifunikwa kama sinia la pilau. Nikija Uyole napita mlango wa jikoni, wewe unatokea wa mbele, na mama anaigeuza picha yako ikatazama ukuta. Ninachokijua kwako ni kikohozi chako kule sebuleni, na mwandiko. Nashukuru sana kwamba ni wewe uliyeamua, mwezi ule nilioolewa, kuwa sheria haikutaja kalamu. Barua zako zote ninazo, ziko kwenye kopo la maziwa juu ya kabati.

Neno lenyewe ni hili. Kuna shirika linatafuta wauguzi wanaojua Kiswahili, waende Kongo, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, waliko watu waliokimbia vita. Ni miezi sita. Samwel amekubali, baada ya kununa siku nzima. Mama anasema hilo ni lako wewe kuamua.

Utaniuliza kwa nini niache mtoto na mume. Tulipohama Shinyanga na ng'ombe nilikuwa mdogo. Tulifika Usangu mvua imekata na hatuna hata debe la mahindi. Mama mmoja wa Kisangu, ambaye hakuielewa lugha yetu hata kidogo, alikuwa akituletea sufuria ya uji kila asubuhi mpaka baba akavuna. Jina lake sikulijua. Kila nikisikia habari za Kongo redioni naiona ile sufuria.

Ukikataa sitakwenda, na sitanuna. Ukikubali, niombee.

Mkweo,
Mbuke


Uyole, Mbeya
15 Machi 2025

Mama Tusajigwe, mwangaluka.

Usicheke. Hilo ndilo neno la Kisukuma ninalolijua, na nimelinunua kwa gharama, maana mwuza ng'ombe aliyenifundisha alinicheka mbele ya watu.

Nyanya zimefika. Za chini zimepondeka, za juu tumekula, za katikati mke wangu Lusia amewagawia majirani ili wajue tuna mkwe Ilula.

Barua yako niliisoma, nikaiweka, nikatoka nje nikazunguka nyumba. Lusia anasema nilizunguka kama mbwa anayetafuta pa kulala. Nilitaka kukataa. Nilikuwa na sababu nzuri nyingi, na nilipozichambua moja moja nikakuta zote ni woga tu uliovaa koti. Mimi nimeendesha lori kwenda Kongo tangu Samwel hajaota meno. Wale watu nawafahamu. Gari liliniharibikia huko nikakaa porini mpaka nikafuga ndevu, na walionilisha walikuwa hawana cha kula wenyewe. Sasa wewe unataka kwenda kuwalisha, mimi nitakuzuia kwa mdomo gani?

Nenda, mwanangu. Mama yangu (nina maana Tusajigwe, huyo wa "sitaki") mlete hapa kwetu akae na Lusia, Samwel apate kufundisha kwa utulivu. Nitamwamkia shikamoo kila asubuhi kama ninavyofanya siku zote, na yeye ataitikia marahaba kwa kiburi chake.

Sharti langu ni moja. Samwel mwandikie utakavyo. Mume huandikiwa maneno ya kumtuliza. Mimi usiniandikie uongo. Niandikie yaliyopo.

Baba yako asiyeonekana,
A.

(Naweka herufi moja ili usivunje sheria kwa kusoma.)


Kambi ya Mulengwa, Kongo
2 Mei 2025

Baba, shikamoo.

Simu huku hazishiki, minara imechomwa. Barua hii anaileta dereva wa Mzee Shamsudin, yule mwenye malori wa hapo Mbeya, ambaye amesema anakufahamu na kwamba ulikuwa ukipiga honi kuliko ulivyokuwa ukishika breki.

Uliniambia nikuandikie yaliyopo. Haya ndiyo yaliyopo.

Watu wanashuka kutoka milimani kila siku. Wanabeba magodoro, kuku, wagonjwa. Juzi alikuja bwana mmoja amebeba mlango. Mlango wa mbao, na bawaba zake. Nikamwuliza, baba, mlango wa nini? Akanijibu, "Mama muganga, nyumba wameichoma, lakini mlango huu nilikuwa nimeununua juzi." Ameusimamisha mbele ya kibanda chake cha turubai, na ukitaka kuingia lazima ubishe hodi. Watu wanamcheka na wanabisha.

Kazi yangu ni watoto. Tunawapima mkono kwa utepe wenye rangi. Kijani ni mzima, njano ni wa kuangaliwa, nyekundu hana muda. Dawa yake ni chakula tu, Baba. Uji asubuhi, uji mchana. Nimesomea uuguzi ili nije kukoroga uji, na sijawahi kufanya kazi ninayoiamini hivi.

Lakini uji unakwisha. Mahindi yapo, mifuko ya kwetu, nimeambiwa ina muhuri wa Mbeya, imelala ghalani bandarini, mwendo wa siku moja kutoka hapa. Lori moja lilipigwa risasi kilimani, na tangu hapo madereva wanashusha mzigo bandarini na kugeuza. Siwalaumu, wana watoto. Tumepunguza kikombe kikawa nusu. Wiki hii tumezika watoto ambao nilikuwa nawajua majina.

Naogopa. Si risasi, hizo ziko mbali na nimezizoea kama mvua ya bati. Naogopa asubuhi nitakayosimama mbele ya wale akina mama niwaambie leo hakuna kitu.

Samwel usimwambie. Mbusu mama yako shavuni kwa niaba yangu, hata akisema hataki.

Mkweo,
Mbuke


Uyole, Mbeya
10 Mei 2025

Mama Tusajigwe,

Barua yako nimeisoma. Samwel sitamwambia.

Nakuandikia kwa haraka. Kesho naondoka kwenda Sumbawanga kwa dada yangu. Ana mahindi shambani na mumewe mgongo umekataa, kwa hiyo nakwenda kumsaidia kuvuna. Nitakaa kitambo. Usishangae nisipojibu.

Mama yangu hajambo. Jana alimwamuru Lusia amvue viatu, akaniamuru mimi nimvalishe.

Na kama siku moja dereva yeyote akafika huko kwenu, mpe maji ya moto aoge kabla hujamwuliza lolote. Dereva hana haja nyingine.

Mungu akufunike.

A.


Kasanga, Rukwa
16 Mei 2025

Mke wangu Lusia,

Sumbawanga nimepita. Dada yangu nilimpigia honi.

Usiitupe barua kabla hujamaliza. Najua unavyokunja uso sasa hivi. Nipo hapa Kasanga, malori yanapakiwa kwenye meli, na mimi ni dereva wa gari la kwanza. Shamsudin alikosa watu wa kupita kile kilima. Nilikwenda dukani kwake nikamwambia nipe ile Scania niliyokuachia. Akacheka, akaniuliza nina miaka mingapi, nikamwambia nyani mzee amekwepa mishale mingi. Vijana waliposikia mzee anakwenda wakaona haya, nao wakajiandikisha. Hivyo ndivyo msafara ulivyopatikana. Tumbo langu limebadilika, usukani haukubadilika.

Kambini nitajulikana kwa jina la Tadeo, jina la ubatizo ambalo hata wewe ulilisahau. Nimefanya hivyo kwa ajili ya Mbuke. Nisingependa asikie jina langu likiitwa hadharani, aanze kukimbia mbele za wagonjwa wake. Nitashusha mahindi, nitageuza gari, hatajua kwamba nilifika.

Mtoto mmoja anakula nusu kikombe, Lusia, na mahindi yamelala. Mimi nimekaa kwenye kochi nangoja kufa kwa uzee. Niliona si sawa.

Mwambie mama yangu naleta dagaa.

Mume wako,
Ambokile


Kambi ya Mulengwa, Kongo
4 Juni 2025

Baba, shikamoo.

Natumaini mahindi ya shangazi yamekwisha kuvunwa na umerudi Uyole. Na sisi yetu yamefika. Malori yaliingia mchana, moja nyuma ya lingine, yamejaa vumbi hata taa hazionekani. Akina mama walipiga vigelegele mpaka wagonjwa wakatoka nje. Kikombe sasa ni kizima, Baba. Ningependa ungekiona.

Lakini nakuandikia kwa shida, nahitaji shauri lako.

Gari la kwanza liliendeshwa na mzee wa Mbeya, wanamwita Mzee Tadeo. Kule kilimani walirushiwa risasi, kipande cha chuma kikamwingia pajani. Vijana wake wanasema alijifunga shati akaendelea kuendesha mpaka hapa, kwa sababu gari la kwanza likisimama yote yanasimama. Muuguzi mwenzetu wa kiume alimfunga jeraha siku ile ile. Baada ya hapo mapigano yakasogea. Daktari na muuguzi yule wakahamishwa na majeruhi wengine, njia ya magari ikafungwa nyuma yao, na hapa nimebaki mimi na wahudumu wanawake wawili.

Na huyu mzee hataki nimguse.

Si kwamba hataki tu. Nikiingia kwenye hema anavuta blanketi mpaka juu ya kichwa na kugeukia upande wa turubai. Nikimpa kikombe hakipokei mkononi mwangu. Lazima nikiweke chini, niondoke, ndipo akichukue. Chakula anakula akinipa mgongo. Neno hasemi mbele yangu. Nikitoka namsikia akiongea na wenzake vizuri tu, kwa sauti ya chini. Wahudumu wangu nao amewakatalia, kwa kuwa nawatuma mimi. Vidonge anameza, mguu haonyeshi.

Wahudumu wanasema ni kiburi. Juzi hasira zilinishika, nikamfokea. Nilimwambia, "Mzee, kama unanidharau kwa kuwa mimi ni mwanamke, sema, nisikupotezee muda." Akajikunyata chini ya blanketi kama mtoto aliyepigwa. Nilitoka nikalia nyuma ya pipa la maji, maana sikulelewa kufokea wazee.

Sasa ana homa na jeraha limeanza kunuka. Kile chuma kiko ndani. Nisipokitoa na kupasafisha, mguu utaoza, na yeye ataufuata. Njia ya pikipiki ipo, kupitia mlimani, lakini mgonjwa wa namna hii hatafika hai. Barua ndiyo inayopita.

Wewe ni mzee na ni dereva. Niambie, mtu wa namna yako huambiwa nini akakubali? Mtu huyu amewaletea uhai watoto wote hawa. Siwezi kumwacha afe kwa sababu nimekosa neno la kumwambia.

Mkweo,
Mbuke


Uyole, Mbeya
6 Juni 2025

Mbuke mwanangu,

Kaa chini kwanza. Umekaa?

Huyo Mzee Tadeo ni baba mkwe wako.

Barua yako mpanda pikipiki aliipiga picha alipofika bandarini penye mtandao, akamtumia Shamsudin, naye kaja nayo mbio mpaka hapa. Nimeisoma kwenye simu yake, herufi ndogo kama mchwa, na nilipofika kwenye blanketi nikaketi kwenye ngazi. Yangu hii naye ataipiga picha, ichapishwe huko bandarini uletewe. Ndiyo sababu naandika kwa herufi kubwa, si kwamba nakupigia kelele.

Sumbawanga ilikuwa uongo. Kwenda kuvuna! Mwanamume ambaye hapa nyumbani hajui jembe linakaa wapi. Aliniandikia kutoka Kasanga alipojua siwezi kumkimbilia. Alitaka kushusha mzigo na kugeuza, wewe usijue.

Usijilaumu kwamba hukumtambua. Miaka yote wewe ndiye unayekimbia kwa mlango wa jikoni. Hujawahi kumwona anayekukimbia wewe. Lile blanketi, kile kikombe kuwekwa chini, kula akikupa mgongo, si dharau, mwanangu. Hiyo ndiyo heshima yote aliyofundishwa na baba yake. Na jinsi ninavyomfahamu, atakufa nayo. Mimi sitaki kuitwa mjane kwa sababu ya adabu.

Sasa nisikilize vizuri. Kama mkwe hatakubali, hata umlilie. Kwa hiyo usiende kama mkwe.

Mtoto wako ana jina la mama yake. Na huyo mzee halichukulii jina hilo kwa mzaha. Humwita mama, humwamkia shikamoo, akimkosea humwomba radhi. Haya. Kama Tusajigwe ni mama yake, aliyemzaa Tusajigwe ni nani kwake? Ni bibi yake. Na bibi na mjukuu hawana mwiko wowote, wana utani tu. Bibi humwogesha mjukuu akiwa uchi na kumcheka makalio.

Usiingie. Simama nje ya hema umwambie hivyo. Usimwambie kwa kulia, ukilia atakuwa baba yako na atakuonea haya zaidi. Mtanie. Akibisha, mkumbushe kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyeanza kumwita yule mtoto mama, mimi sikumtuma. Mficha maradhi kifo humuumbua, na maradhi ya huyu yapo mguuni ambako yanaonekana.

Mbuke, mimi na yeye tumeishi pamoja tangu nikiwa msichana wa kuchuma chai Tukuyu. Niokolee huyo mpumbavu.

Mama yako,
Lusia


Kambi ya Mulengwa, Kongo
10 Juni 2025

Mama, shikamoo.

Yu hai. Naanza na hilo usije ukaketi tena kwenye ngazi.

Barua yako niliisoma nimesimama, na uliposema nikae nilikuwa nimeshauona mstari wa pili, nikakaa juu ya gunia la mahindi. Nilikumbuka nilivyomfokea. Nilitamani ardhi inimeze. Kisha nikanawa uso nikaenda.

Nilisimama nje ya hema kama ulivyosema. Nikabisha hodi. Nikasema, "Tadeo, mjukuu wangu, hujambo?"

Wagonjwa wengine wakachungulia nje.

Nikasema, "Mimi ni bibi yako, mzaa Tusajigwe. Nimetoka Uyole kwa miguu, nimekuja kukuona. Nasikia umeumia na unauficha mguu. Tangu lini mjukuu akamficha bibi yake mguu, wakati nepi zako nimefua mimi?"

Hapo wagonjwa walianza kucheka, maana waliona mama muganga amerukwa na akili. Na ndani ya hema nikakisikia kile kikohozi. Mama, kile cha sebuleni kwako. Kumbe siku zote hizo alikuwa akikimeza nisije nikakitambua. Nilijishika kwenye kamba ya hema.

Nikadhani amekataa. Kisha sauti, ya chini, ambayo sijawahi kuisikia ikisema nami, ikasema, "Nani amekwambia?"

"Mkeo. Na anasema unadanganya vibaya."

Akacheka, nadhani ikamuuma, akaguna. Halafu akasema, "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Niingie?"

"Ingia. Lakini uso hapana."

"Uso baki nao," nikamwambia, "mimi nataka mguu."

Nilimkuta amejifunika uso kwa blanketi na mguu ameutoa nje peke yake, umevimba kama mgomba. Sikumwona uso, Mama, nakuapia, sikujaribu. Nilisafisha, nikapasua, nikatoa usaha mwingi, na kile chuma kikatoka, kidogo tu, kama punje ya hindi. Dawa ya ganzi ilikuwa kidogo. Alikuwa akiimba wimbo wa kanisani kwa Kinyakyusa chini ya blanketi, na palipouma zaidi aliimba kwa nguvu zaidi, mpaka hema zima likamwitikia kwa lugha zao. Mimi machozi yalinishinda. Akasema, "Bibi, unanidondoshea maji mguuni." Nikamwambia ni jasho. Akasema, "Bibi zangu wote ni waongo."

Nilipomaliza kufunga nilidhani amelala. Akaniuliza, "Watoto wamekunywa uji leo?"

"Wamekunywa."

"Kikombe kizima?"

"Kizima, mjukuu wangu."

"Ndaga fijo," akasema, akinishukuru kwa lugha yenu, na hapo ndipo akalala kweli.

Homa imeshuka tangu jana. Harufu imekwisha. Mguu hautakatwa, ila utakuwa na kilema. Njia ikifunguliwa ataletwa mpaka Kasanga na Shamsudin atampokea. Nikiingia bado anajifunika, lakini sasa kikombe anapokea mkononi mwangu, anautoa mkono nje ya blanketi na kuuchezesha vidole, na wagonjwa wote wanacheka. Yule bwana wa mlango huja kumsalimia kila siku. Wamekuwa marafiki sana.

Ndaga, Mama. Ndaga kwa neno ulilonipa. Nilikuwa nimelikosa.

Mwanao,
Mbuke


Uyole, Mbeya
20 Septemba 2025

Bibi yangu mpendwa, shikamoo.

Barua hii nimempa dereva anayekuja kukupokea Kasanga, uisome njiani na upate muda wa kufikiri. Nimefurahi kwamba miezi yako imekwisha na unarudi mzima. Samwel amekuja jana kutoka Ilula na tenga la nyanya, anatembea huku na huku uani, hata kuku wamechoka. Mama yangu amekataa kunyolewa mpaka ufike.

Mimi nachechemea. Nina mkongojo, na Lusia ameficha funguo za gari ambalo hata si langu. Akinikasirikia ananiita Tadeo.

Nataka kusema jambo ambalo kule hemani nilishindwa, maana mtu aliyejifunika blanketi hasemi mambo mazito, na wenzangu walikuwa wanasikiliza.

Nilikwambia usiniandikie uongo, kisha mimi nikakuandikia wa Sumbawanga. Lusia naye nilimwambia nakwenda kwa ajili ya mahindi. Hilo ni kweli, lakini ni nusu. Nusu nyingine ni kwamba miaka sita nimepata barua kutoka kwa mtu ninayempenda kama niliyemzaa, na sijui anafananaje. Ningekutana nawe njiani Mbeya ningekupita kama mgeni. Nilipoisoma ile barua yako ya nusu kikombe nilihofu kwamba utakufa huko, watakuleta umefunikwa, na mimi nitasimama nyuma ya nyumba kwa sheria, nikuzike bila kukujua. Nikasema nitakwenda mahali ambapo hakuna anayenifahamu, nimtazame mara moja kupitia kioo cha lori, nigeuze. Mtu hawezi kumvunjia mkwe heshima akiwa ndani ya gari.

Na nilikuona. Siku ile tulipoingia, mguu unavuja na macho yananiingia giza, nilikuona umesimama kwenye foleni ya uji umevaa viatu vya mvua vya mwanamume, unamgombeza yule bwana wa mlango kwa kuwaruka watoto. Ulikuwa na unga kwenye paji la uso. Nikasema moyoni, kumbe ndiye huyu. Nilifurahi, Mbuke, nilifurahi kuliko siku Samwel alipozaliwa, na usimwambie. Ndiyo maana nilijifunika kwa nguvu vile. Haikuwa adabu peke yake. Nilikuwa nimeiba, na mwizi hujificha.

Wiki iliyopita niliwaita ndugu zangu hapa nyumbani. Nikawaeleza kwamba mke wa Samwel ameniosha jeraha, na kwamba kwa jina la mtoto wake yeye ni bibi yangu. Mdogo wangu mmoja alisema mambo hayo hayajawahi kutokea. Nikamwuliza, na mkwe wake yeye amewahi kumtoa risasi? Tukachinja jogoo, tukaomba, tukala, yakaisha.

Kwa hiyo mimi nimekuona na wewe hujaniona, na hiyo si haki. Picha yangu Lusia ameigeuza itazame sebuleni, lakini usiitegemee, ni ya zamani, nilikuwa na nywele.

Jumamosi ukifika usizunguke jikoni. Pita mlango wa mbele. Nitakuwa nimekaa kwenye kochi, uso wazi, nimenyoa ndevu. Kama utaona haya simama nje ubishe hodi tu, usikimbie. Mimi nitakohoa, ujue ni mimi, kisha uingie.

Mjukuu wako,
Ambokile